Ufa Uliopinda

Sikuona kwamba nyufa mbili nilizokuwa nazo katika kompyuta yangu zilikuwa ufa mmoja. Nakiri hilo mwanzoni, kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii wasikilizaji hunitazama kama mtu aliyegundua jambo. Ukweli ni kwamba nilikaa juu ya jambo hilo kwa miezi kumi na minne, kwenye kochi la zambarau, nikinywa chai ya tangawizi, na visigino vyangu vikiwa vimeukanyaga mkeka uliolifunika.

Nyumba yenyewe iko Tandale, mitaa mitatu kutoka sokoni. Ni nyumba ya korido kama zilivyo nyingi za eneo lile: mlango wa mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani kwenye choo na jiko. Mwenye nyumba ni Bi Hamisa, mjane wa miaka sitini na minane, aliyeolewa hapohapo Tandale. Upande wa kulia vyumba viwili vya kwanza ni vyake: cha mbele analala, cha kati amekifanya sebule. Chumba cha tatu, kinachopakana na sebule hiyo, walikuwa wamepanga Jamali, mbeba mizigo wa sokoni, na mkewe Rukaiya. Vyumba vya kushoto ni vya wafanyabiashara ambao mchana huwa hawapo, nao hawamo katika habari hii.

Mimi ni mhadhiri wa afya ya jamii. Utafiti wetu ulihusu unyevu wa nyumba na vifua vya watoto, na kila baada ya miezi miwili nilizitembelea kaya arobaini nikiwa na dodoso na simu ya kupigia picha. Kwa mujibu wa dodoso letu, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Bi Hamisa alikuwa na chungu chake, kwa hiyo alikuwa Kaya ya Kumi na Nne. Rukaiya na Jamali walikuwa na chungu chao, kwa hiyo walikuwa Kaya ya Kumi na Tano. Kila kaya ilikuwa na namba yake, faili lake na picha zake. Swali la ishirini na sita liliuliza kama sakafu ina nyufa. Katika mafaili yote mawili niliweka alama kwenye "ndiyo", nikapiga picha moja ya sakafu, nikaendelea na swali la ishirini na saba.

Sikuwahi kuyafungua mafaili hayo mawili kwa wakati mmoja. Sikuwa na sababu ya kufanya hivyo, kwani jambo la kwanza tunalowafundisha wanafunzi wetu ni kutochanganya taarifa za kaya moja na nyingine.

Nyumba nayo ilikuwa na adabu yake iliyofanana na hiyo. Chumba cha mpangaji hakiingiwi ovyo. Tangu Rukaiya ahamie pale, Bi Hamisa hakuwahi kuvuka mlango wake. Alikuwa akisimama koridoni na kuita. Rukaiya naye alipoingia sebuleni kwa Bi Hamisa aliona mkeka na kochi, basi. Kila mmoja aliujua ufa wa kwake. Mtu pekee aliyekuwa ameziona sakafu zote mbili ni mimi.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Rukaiya alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku ishirini na tatu kabla yake. Nilipobisha hodi, Bi Hamisa alinijibu kabla sijavua viatu.

"Karibu, Dokta. Ila hilo simu lako lirudishe mkobani."

"Shikamoo, Bi Hamisa."

"Marahaba, mwanangu. Lakini umenisikia? Nyumba hii ina mzazi. Arobaini haijatimia. Picha hapana. Si ya mtoto, si ya mama yake, wala si ya ukuta."

"Hata ukuta, Bi Hamisa?"

"Kwani wewe unajua simu yako inaona mpaka wapi?"

Sikujua. Nilirudisha simu mkobani. Hata hivyo awamu ile ilihitaji taarifa za sakafu na kuta baada ya mvua, na nisingeweza kurudi mikono mitupu. Nilipopekua mkoba nilipata karatasi moja ya miraba iliyobaki nilipokuwa nikisimamia mitihani, na penseli.

"Na kuchora je? Naruhusiwa?"

Bi Hamisa alicheka hadi akajishika ubavu. "Dokta mzima na shahada zako umerudi chekechea? Chora, mwanangu. Ila ukinichora mie, hapa tumboni upunguze."

Nilikuwa sijachora kitu tangu kidato cha sita. Mwalimu wetu wa biolojia kule Bukoba, Mwalimu Elibariki, alikuwa akitupa kila mmoja mende aliyekufa na karatasi, kisha anapita kati ya meza akifuta michoro iliyopendeza mno. "Huyu ni mende wa kitabuni," alikuwa akisema. "Mimi nimekupa huyu hapa. Mguu wake wa nyuma una miiba mingapi? Hujahesabu, basi hujamwona." Wakati ule nilimwona mtu wa vituko. Siku ile Tandale nilipiga magoti sebuleni kwa Bi Hamisa nikaanza kupima chumba kwa nyayo zangu, unyayo mmoja mraba mmoja.

Nilichora kuta nne, mlango, dirisha na kochi. Kisha nikaomba ruhusa ya kuukunja mkeka.

"Mkeka nao unachorwa?"

"Nataka kuona kilicho chini yake."

"Kuna nini zaidi ya ufa? Si uliupiga picha mwaka jana?"

Ni kweli niliupiga. Katika picha ulikuwa ufa, na neno hilo lilinitosha. Penseli haikukubali kuandika neno. Ilinidai mambo ambayo simu haikuwahi kunidai: unaanzia wapi, unaelekea wapi, unageuka kwa kiasi gani katika kila unyayo. Nikaufuata kwa kidole. Ulianzia kwenye ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha tatu, nyayo nne kutoka pembe ya korido. Ukaja kuelekea kwenye kochi, ukapita chini yake, ukapinda polepole, ukarudi kwenye ukuta uleule, nyayo kumi na moja kutoka pembe ileile.

Nilitulia hapo kidogo. Nyufa za sakafu iliyokauka vibaya nimeziona nyingi. Huenda ovyo, hugawanyika, hupotea. Huu ulikuwa umepinda kwa utaratibu, kama ukingo wa sinia.

"Bi Hamisa, naomba ruhusa nikachore na kwa Rukaiya."

"Mwombe mwenyewe. Kwake mie siingii."

Nilibisha hodi mlango wa tatu. Jamali alikuwa amerudi kula, amekalia ndoo iliyopinduliwa, na mabega yake yalikuwa bado meupe kwa vumbi la magunia ya unga. Chumba kilinukia udi. Rukaiya alikuwa kitandani, tumbo amelifunga kanga, mtoto kifuani.

"Karibu, Dokta. Nimekusikia huko unachora," alisema Rukaiya. "Basi mchore na huyu mume wangu anavyokoroma, uwaoneshe wanafunzi wako."

"Mie sikoromi," alisema Jamali. "Mie napumua kwa uchovu."

"Anapumua mpaka mabati yanaitikia, Dokta."

Niliomba kuchungulia chini ya kitanda. Jamali alisema sina haja ya kujichafua, ufa ule anaujua vizuri, ameshauziba mara tatu. Niliingia hivyohivyo, nikilala kwa ubavu, karatasi yangu sakafuni. Kwa kuwa nilikuwa na karatasi moja tu, niliendeleza mchoro uleule upande wa pili wa mstari wa ukuta. Kama ningekuwa na karatasi mbili ningetumia mbili, kila kaya na yake. Jambo hilo bado hunisumbua kuliko mengine yote.

Ufa wa chumba cha Rukaiya ulianzia ukutani, nyayo nne kutoka pembe ya korido. Niliweka nukta. Nukta ilikaa palepale ulipoanzia ufa wa sebuleni. Nikaufuata: ukapinda chini ya kitanda, ukazunguka, ukarudi ukutani. Nilihesabu nyayo kutoka pembe ya korido. Kumi na moja.

Karatasini sasa palikuwa na duara. Halikuwa duara la kukadiria. Lilikuwa limefungwa, na mstari wa ukuta ulipita katikati yake kama kijiti kilicholazwa juu ya chungu. Ndani yake, upande mmoja, ilikuwa nusu ya kochi nililokuwa nikikalia. Upande wa pili ilikuwemo miguu miwili ya kitanda, ile ya kichwani.

Sikumbuki niliwaza nini. Nakumbuka kwamba mkono uliokuwa chini yangu ulikuwa umeigusa sakafu, nikauinua.

"Jamali," nilisema nikiwa bado chini ya kitanda, "umeuziba na nini?"

"Saruji. Mara ya mwisho mwezi wa pili, ndoo nzima. Ikanywewa."

"Ikanywewa?"

"Nimemwaga jioni, asubuhi hamna kitu, ufa uko vilevile. Nikasema labda ardhi ya Tandale nayo ina njaa." Alicheka peke yake.

Niliomba kikombe cha maji. Nilimimina maji yale taratibu mahali ufa ulipokuwa mpana kidogo, karibu na mguu wa kitanda. Hayakutuama wala kutandaa. Yaliingia. Tulinyamaza wote, hata mtoto. Nilihesabu moja, mbili, na ndipo tukasikia, chini sana, maji yakiangukia maji.

Jamali alisimama, ndoo ikaanguka nyuma yake.

"Mie hiyo sauti naisikiaga," alisema Rukaiya polepole. "Kila mvua ikinyesha. Nilidhani bomba la jirani."

Nilitoka chini ya kitanda nikampelekea Bi Hamisa karatasi. Nilitaka aniambie kuna nini chini ya nyumba yake, lakini sikutaka kumwekea jibu mdomoni, kwa hiyo nilimpa tu mchoro. Aliutazama akiwa ameupindua.

"Hiki nini, chungu?"

"Ni ufa wako, Bi Hamisa. Na huu ni wa Rukaiya. Huu ni ukuta."

Aliugeuza mpaka mlango wa mbele wa karatasini ukaelekea mlango wa mbele wa nyumba. Akaweka kidole kwenye chumba chake cha kulala, akakivuta nyuma taratibu hadi mwanzo wa sebule.

"Nyumba ilikuwa inaishia hapa," alisema. "Nilipoletwa bibi harusi, vilikuwa vyumba viwili tu, kulia na kushoto. Hapa palikuwa na mlango wa uani." Akaninyang'anya penseli. Akachora mlango mdogo, kwa mstari wa kutetemeka, mahali ambapo leo pana ukuta wa sebule. "Nilikuwa naogopa uani. Giza tupu. Marehemu alinifundisha kuhesabu: toka mlangoni, nyoosha, hatua tisa, umefika chooni."

Alianza kuweka nukta karatasini, moja kwa kila hatua, midomo yake ikihesabu bila sauti. Hatua za mwanamke mfupi aliyevaa baibui. Nukta ya sita iligusa duara. Ya tisa iliangukia katikati yake.

Bi Hamisa aliiweka penseli chini kama kitu cha moto.

"Alisema kakifukia," alisema.

"Ulimwona akikifukia?"

"Sikuwepo." Macho yake hayakutoka kwenye karatasi. "Mimba ya Anwar nilikwenda kuzalia kwa mama yangu, Kunduchi. Nikakaa arobaini yangu huko. Niliporudi na Anwar mkononi, choo hakipo, vyumba vipo, sakafu imekauka. Khalfani akanambia, nimekufanyia mambo, mke wangu. Mie nikafurahi. Niulize nini? Nimepata sebule." Kidole chake kilizunguka duara. "Miaka arobaini na mitatu nasali humu."

Kisha akasimama, jambo ambalo kwa magoti yake huchukua muda, akatoka koridoni, akaenda hadi mlango wa tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Rukaiya ahamie, aliuvuka.

"Rukaiya, inuka. Mpe baba yake mtoto, shika ukuta, inuka."

"Bibi, sijatimiza arobaini. Mama mkwe kasema nisitoke hata nikiitwa na nani."

"Nani kakwambia utoke? Unahama kitanda, hutoki nyumba. Unakwenda kulala chumbani kwangu. Mie nitalala koridoni, nimeshalala pabaya zaidi."

Jamali alikuwa amemshika mtoto kama mtu aliyepewa yai. Ndiye aliyepinga, na kwa upole, maana mbele yake walisimama wanawake wawili waliomzidi umri.

"Bibi, na wewe Dokta, kwa heshima zote. Karatasi ndiyo inanihamisha chumba nilicholipia? Shimo hilo limekaa miaka yote. Limengoja mie nipate mtoto?"

"Umesikia maji," nilisema.

"Nimesikia. Kesho naleta mkokoteni wa kifusi, najaza, yameisha."

"Utajazaje kwa ufa unaopitisha kijiko tu?"

Jamali alimtazama mkewe, ambaye tayari alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mkono mmoja ukutani. Rukaiya alikuwa ameisikia sauti ile usiku wa mvua nyingi na akawa anajigeuza upande wa pili. Hakuhitaji mchoro wala mabishano. Alitoka.

Tulihamisha godoro, beseni la mtoto, sanduku la nguo. Jamali alipotaka kuvuta kitanda, Bi Hamisa alimzuia.

"Kiache."

"Kitanda cha mninga hiki, Bibi!"

"Nimesema kiache. Usikanyage hapo tena."

Nilipoaga, Jamali alinisindikiza hadi mlangoni. Alikuwa amekasirika kwa namna ya mtu aliyeogopa. "Leo tutalala huko mbele kumridhisha Bibi," aliniambia. "Lakini kesho asubuhi tunarudi kwetu, Dokta. Bibi hawezi kuendelea kulala koridoni na magoti yale."

Nilimsihi asubiri nimlete mhandisi. Alisema tutaona.

Usiku mvua ilinyesha, ile ya masika isiyo na radi, inayonyesha kama kazi. Saa moja asubuhi nilimpigia simu Jamali. Haikupatikana. Saa mbili nilipiga tena. Saa tatu nilikuwa njiani na Brightson, mwenzangu wa idara ya uhandisi, tukiwa katika gari lake, karatasi ya miraba ikiwa mapajani kwangu, na simu nikiwa nimeiweka sikioni, ya Jamali bado haipatikani.

Tulipokata kona ya mwisho tuliona watu. Hawakuwa wakipiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Mtaa wa Tandale una sauti saa zote; pale watu kama thelathini walikuwa wamesimama kwenye tope na miavuli, wanazungumza kwa minong'ono, wanautazama mlango wa Bi Hamisa. Mwanamke mmoja alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Nilimuuliza kuna nini. Alinitazama, akasema, "Kitanda cha mzazi kimemezwa."

Sijui niliwapitaje. Najua kwamba nilikuwa na viatu, na kwamba katika nyumba ile sikuwahi kuingia na viatu. Korido ilikuwa na maji. Mlango wa tatu ulikuwa wazi.

Sakafu haikuwepo. Palikuwa na shimo jeusi, la mviringo, kingo zake zimekatika kwa unadhifu wa kutisha, na harufu ya kale iliyofungiwa muda mrefu. Nusu ya chini ya ukuta ilikuwa imekwenda nayo, kwa hiyo nilikuwa naiona sebule kutoka chumbani, kwa mara ya kwanza vyumba vile viwili vikiwa mahali pamoja. Kochi la zambarau lilikuwa limetanguliza mgongo ndani, miguu yake juu. Kitanda cha mninga kilikuwa kimesimama wima, kichwa chini, kimezama hadi nusu. Chandarua kilikuwa bado kimening'inia kwenye boriti, na ncha yake ya chini ilikuwa ndani ya shimo.

Nilisimama kwenye kizingiti nikiwa nimeishika fremu ya mlango. Niliita jina la Rukaiya kuelekea shimoni. Niliita mara ya pili. Ndipo, nyuma yangu, kutoka chumba cha mbele, nikasikia mtoto akilia kwa hasira, kilio cha njaa, cha kawaida kabisa.

Rukaiya alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Bi Hamisa, ameegemea ukuta, anamnyonyesha. Alikuwa anatetemeka mwili mzima isipokuwa mkono uliomshika mtoto. Bi Hamisa alikuwa sakafuni miguuni pake, tasbihi imemkatikia, shanga zimetawanyika. Jamali alikuwa amekaa kwenye pembe na magoti yake kifuani.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema Jamali aliponiona. Alikuwa anaongea na sakafu. "Nilikuwa nimeshakunja godoro. Nimelibeba kichwani. Nimefika mlangoni kwetu. Bibi akaniita, Jamali, rudi, ngoja kwanza ninywe chai yangu, usinipitie na godoro. Nikageuka. Nikasikia kama mtu katua gunia." Aliinua mkono kuonesha ukubwa wa gunia, akausahau hewani. "Simu iko humo. Ilikuwa kwenye chaji."

Brightson alipima kutoka mlangoni, bila kukanyaga ndani. Shimo lilikuwa na upana wa nyayo zangu saba na kina cha mtu mmoja na nusu, na chini yake maji. Khalfani alikuwa amelifunika kwa magogo ya mikoko, akamwaga zege juu, akajenga. Magogo yalikuwa yameoza mpaka yakawa kama keki. Brightson aliniomba karatasi, akailinganisha na shimo. Kisha akanirudishia. Mstari wa penseli na ukingo wa shimo havikupishana hata unyayo mmoja.

Jioni ile nilifungua kompyuta nyumbani. Nilifungua faili la Kaya ya Kumi na Nne, kisha, kando yake, faili la Kaya ya Kumi na Tano. Picha mbili, zote za mwezi wa pili mwaka uliopita, zilizopigwa na mkono mmoja kwa tofauti ya dakika ishirini na tano. Moja ilikuwa na upinde upande wa kushoto, nyingine upande wa kulia. Nilizisogeza mpaka zikagusana. Zilikuwa zikinitazama hivyo miezi yote kumi na minne. Katika muda huo Rukaiya alishika mimba, akaibeba, akajifungua, akalala na mtoto wake mahali pale usiku ishirini na mbili, na mimi nilikuwa nimeweka alama kwenye "ndiyo".

Nilimweleza Bi Hamisa jambo hilo wiki iliyofuata, kwa sababu niliona si haki asijue. Tulikuwa tumekaa koridoni kwenye mkeka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mie nilihesabu hatua tisa kila siku miaka miwili," alisema. "Halafu nikasahau. Wewe ulikuwa huna hata cha kusahau." Aliniomba karatasi ile nikampa. Akaitazama tena, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu wake. Kisha akanionyesha kwa kidevu nyumba ya ng'ambo. "Ile iliongezwa mwaka uleule. Fundi wetu huyohuyo. Nenda kachore."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Rukaiya alitimiza arobaini yake katika chumba cha mbele, na yeye na Jamali wanaishi humo mpaka sasa. Bi Hamisa amehamia kimoja cha kushoto, mpangaji wake alipoondoka. Shimo limejazwa kifusi na vyumba vile viwili vimebomolewa. Pamerudi kuwa uani. Nyumba thelathini na moja ambamo zile kaya arobaini huishi, tumezichora zote kwa mkono, na katika mbili zaidi, ile ya ng'ambo ikiwemo, ufa ulipovuka ukuta ulifunga duara. Watu wa nyumba hizo wamehamishwa. Mafaili yetu sasa yanapangwa kwa nyumba, na ukurasa wa kwanza wa kila faili ni karatasi moja ya miraba, isiyo na swali lolote juu yake.